Andika nje ya gunia

Jumatano moja ya Julai, saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Mbeya ikiwa bado imeganda kwenye vioo vya madirisha, simu yangu iliita. Aliyepiga ni karani wa ushirika mmoja wa wakulima wa kahawa kule Mbozi, mama wa makamo ambaye hapigi simu bila jambo. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, nina mzee hapa mbele yangu. Ameleta kahawa tangu mwezi wa sita. Leo kaomba jumla yake, kompyuta inasema ana kilo 38. Mkononi ana stakabadhi za zaidi ya kilo 400. Sasa nimwambieje?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilivaa koti, nikadandia Coaster pale Mafiati. Kutoka Mbeya mjini hadi Vwawa ni kama kilomita 70, lakini malori ya Tunduma yakishajipanga kule Senjele safari haina makadirio. Njia nzima nilikuwa na zile namba mbili kichwani. Kilo 38 na kilo 400. Kwa mtu anayelipwa kwa uzito aliouleta, hapo katikati kuna ada ya mtoto, kuna mbolea, kuna bati za nyumba aliyoianza mwaka juzi.

Programu yenyewe niliiandika mimi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Tuiite mzani, kwa sababu ndiyo kazi yake: inasoma uzito kutoka kwenye mzani wa kidijitali, inauandika kwa jina la mkulima, inachapa stakabadhi. Ushirika una ofisi nne za kupokelea kahawa, na kila ofisi ina kompyuta yake ndogo inayoendesha Tomcat, mwenyeji wa programu za Java kama hii, maana mtandao ukikatika saa nne asubuhi huwezi kuwaambia watu waliobeba kahawa mbivu wasubiri urudi. Kahawa mbivu haisubiri. Kwa hiyo kila ofisi inajitegemea mchana, na usiku, mtandao ukiwepo, inatuma hesabu makao makuu.

Jumatatu jioni nilikuwa nimewatumia toleo jipya. Kijana anayesaidia mambo ya kompyuta pale ofisini alichukua faili la WAR, akaliweka kwenye folda ya webapps juu ya lile la zamani, kama nilivyomfundisha. Hakukosea hata hatua moja. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifanya miezi mingi kabla.

Faili la WAR ni kifurushi tu. Ndani yake ni muundo wa ZIP. Ukiwa na programu yoyote ya kufungulia ZIP utayaona yote yaliyomo. Mimi mipangilio yangu niliiweka mle mle ndani, kwenye application.properties, ambayo wakati wa kufungasha huishia WEB-INF/classes. Humo kulikuwa na anwani ya kanzidata (daftari la kompyuta ambamo programu huandika hesabu) ya kompyuta yangu ya mezani, na hiyo kanzidata ilikuwa ya majaribio. Nilipofunga mfumo ofisini mara ya kwanza, niliisubiri Tomcat ikifungue kifurushi, nikaingia kwenye folda iliyofunguliwa, nikabadilisha mstari mmoja kwa mkono ili uelekee kanzidata halisi, nikawasha upya. Ikafanya kazi. Nikarudi Mbeya nimeridhika.

Ila ile folda iliyofunguliwa si mali yako. Ni mali ya Tomcat. Ukileta WAR mpya na mpangilio wa autoDeploy ukiwa umewashwa, kama unavyokuja wenyewe, Tomcat huifuta ile folda yote na kufungua kifurushi kipya mahali pake. Kila ulichokirekebisha kwa mkono humo ndani kinaondoka nayo. Jumatatu ile jioni mstari wangu uliondoka, na ule wa kompyuta yangu ukarudi, ukielekea localhost, yaani kompyuta ileile programu inapoendeshwa, kwenye kanzidata iliyoitwa mzani_mafunzo.

Na hapa ndipo ninapoumia hadi leo. Kanzidata yenye jina hilo ilikuwepo pale ofisini. Mwezi wa tano, kabla ya msimu, nilitengeneza nakala ya orodha ya wanachama ili karani ajifunzie, nikaiita jina lilelile nililozoea kulitumia kwangu, kwa mtumiaji yuleyule na nywila ileile. Kwa hiyo programu ilipowaka haikugoma. Ilikuta kanzidata, ikakuta majina ya wanachama wote, ikaanza kazi. Jumanne nzima wakulima walipima kahawa, mashine ikachapa stakabadhi, na kila kilo ikaandikwa kwenye daftari la mazoezi. Kama kanzidata ile isingekuwepo, programu isingewaka, na tungejua kabla mkulima wa kwanza hajashusha mzigo.

Kurekebisha kulichukua siku mbili. Namba za stakabadhi za Jumanne zilikuwa zimeanza upya kutoka moja, kwa sababu ile nakala ya mwezi wa tano haikuwa na stakabadhi hata moja. Maana yake, kijijini kulikuwa na watu wawili wenye stakabadhi namba 17: mmoja wa Juni, mmoja wa Julai, uzito tofauti. Tulikaa mezani mimi, mama karani na yule kijana, tukilinganisha nakala za karatasi moja baada ya nyingine. Hakuna kilo iliyopotea. Yule mzee alirudi Ijumaa, akasomewa jumla yake, akatoa stakabadhi zake mfukoni akahakikisha mwenyewe kwa kidole, ndipo akasema ahsante. Sikumlaumu kwa kuhakikisha.

Baada ya hapo nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nikatengeneza vifurushi vinne. Maven, zana ya kufungashia programu za Java, ina namna ya kufungasha programu ileile kwa mipangilio tofauti, kwa hiyo nikawa na WAR ya Vwawa, WAR ya Mlowo, na nyingine mbili. Ilionekana nadhifu. Mwezi wa nane nikatuma ya Mlowo kwenda Vwawa. Bahati nzuri safari hii jina la ofisi lilichapwa juu ya stakabadhi na mkulima wa kwanza kabisa akauliza kwa nini imeandikwa Mlowo. Lakini hata bila kuchanganya, njia ile ina udhaifu mwingine ambao sikuuona mapema: kifurushi nilichokijaribu mimi nyumbani hakikuwa kile kilichokwenda ofisini. Nilikuwa najaribu cha tano, natuma vile vinne. Na nywila za kanzidata nne zilikuwa zinazunguka kwenye WhatsApp ndani ya faili ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua.

Siku ile ya stakabadhi za Mlowo nilikaa ghalani nikisubiri umeme urudi. Mzee anayesimamia ghala alikuwa anashona magunia ya kahawa ya maganda, yale yanayosubiri kwenda kukobolewa, kwa sindano ndefu ya gunia na uzi wa katani. Kijana mmoja akaja na karatasi yenye namba ya shehena, akataka kuitumbukiza gunia kabla halijashonwa. Mzee akamzuia. "Likishashonwa halifunguliwi mpaka kiwandani. Andika nje, baba. Nani atalifumua gunia ili asome karatasi?"

Nilirudi Mbeya na sentensi hiyo. Kifurushi nimekishona mimi. Anayehitaji kusoma na kubadilisha mipangilio yuko Vwawa, na hana sababu ya kukifumua.

Nilichofanya ni hiki. Kwenye kila kompyuta ya ofisi niliunda folda ya /etc/mzani, nje kabisa ya Tomcat, nje ya kifurushi. Ndani yake faili moja, ofisi.properties. Kwenye kifurushi nikaacha mstari mmoja tu unaohusu jambo hili:

spring.config.import=file:/etc/mzani/ofisi.properties

Mzani nimeujenga juu ya Spring Boot, zana ya kuundia programu za Java, na mstari huu unafanya kazi kuanzia toleo lake la 2.4, lililotoka Novemba 2020. Thamani zilizo kwenye faili linaloletwa hushinda zile za faili linaloleta, kwa hiyo ofisi ndiyo yenye neno la mwisho. Utaona watu wengi wakiandika neno optional: kabla ya njia ya faili, ili programu iwake hata faili likikosekana. Mimi siliandiki, na sitaliandika. Faili la ofisi likikosekana nataka programu ikatae kuwaka, ipige kelele kwenye logi (daftari lake la matukio), karani anipigie kabla hajapokea kilo moja. Baada ya Julai ile, programu inayokubali kila kitu kimyakimya naiogopa kuliko inayogoma. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye kifurushi sikubakiza anwani yoyote ya kanzidata, hata ya kwangu ya majaribio. Kompyuta yangu nayo ina /etc/mzani yake, kama ofisi ya tano.

Kabla ya hapo nilijaribu njia nyingine, na naieleza kwa sababu ina mtego. Unaweza kuiambia Java yenyewe faili liko wapi, kwa kuandika kwenye setenv.sh ya Tomcat:

CATALINA_OPTS="$CATALINA_OPTS -Dspring.config.additional-location=file:/etc/mzani/"

Inafanya kazi vizuri mradi Tomcat ina programu moja. (Huo mkwaju wa mwisho usiusahau, bila huo Spring haijui kwamba hiyo ni folda.) Siku tulipoongeza programu ya pili kwenye Tomcat ileile, ya ghala la pembejeo, nayo ikasoma faili la mzani na kutaka kuingia kwenye kanzidata ya kahawa. Kilichoandikwa kwa -D ni cha mchakato mzima wa Java, na programu zote zilizomo zinakisikia. Mstari wa import unakaa ndani ya programu yenyewe, kila moja inataja faili lake.

Na kama programu yako ni ya zamani, servleti tupu (programu ya wavuti ya Java) bila Spring, Tomcat inakupa mahali pengine: faili la XML kwenye conf/Catalina/localhost, lenye jina sawa na la programu. Humo unaweza kutangaza kanzidata yenyewe kama rasilimali ya JNDI (orodha ya majina ambamo programu za Java huulizia vitu vyake), au kutaja tu folda ya mipangilio, na kifurushi kikaiuliza Tomcat. Ila mwambie fundi wako asifute WAR ya zamani kabla ya kuweka mpya wakati Tomcat inaendelea kufanya kazi. Ukifuta WAR, Tomcat inachukulia umeiondoa programu, na inafuta pamoja na lile faili la XML. Weka mpya juu ya ya zamani. Na usitafute faili kwa getRealPath, amri ya Java inayotaja mahali faili la programu lilipo kwenye diski. Programu ikiendeshwa bila kufunguliwa kwenye diski, amri hiyo inakurudishia null, yaani hakuna kitu.

Swali lililonichukua muda mrefu kuliko yote hayo ni nini hasa kikae nje. Ukishaonja utamu wa faili la nje unataka kutoa kila kitu. Kwangu vilitoka vichache: anwani na nywila ya kanzidata, jina la ofisi, mlango ambao mzani umechomekwa, jina la mashine ya kuchapa, na anwani ya makao makuu. Vyote hivyo vinatofautiana kutoka ofisi hadi ofisi wakati programu ni ileile.

Bei ya kilo sikuitoa. Kijana aliipendekeza kwa nia njema, akisema bei inabadilika, na kinachobadilika kiende kwenye faili. Nilikataa. Malipo ya awali hupangwa kwenye kikao, malipo ya pili hufuata baada ya mauzo, na mkulima ana haki ya kujua bei ya tarehe fulani iliingizwa na nani. Mstari ndani ya faili la maandishi hauna kumbukumbu hiyo. Ukiufuta, wa jana haupo tena. Bei ikae kwenye kanzidata, na tarehe, na jina la aliyeiingiza. Wala kanuni ya kukokotoa makato haikutoka, kwa sababu hiyo ni sawa kwa ofisi zote na ikibadilika nataka niijaribu kabla haijamfikia mtu.

Wapo wanaosema mipangilio isikae kwenye faili kabisa, ikae kwenye vigezo vya mazingira vya mfumo wa kompyuta, yaani thamani ambazo mfumo huipa programu inapowashwa. Wahandisi wa kampuni ya Heroku ya Marekani ndio waliolieneza wazo hilo, na kipimo chao nakikubali moyo wote: je, msimbo wako wote ungeweza kuwekwa hadharani leo bila kufichua nywila hata moja? Spring inasoma vigezo hivyo bila shida, spring.datasource.url unaiandika SPRING_DATASOURCE_URL. Kwenye mawingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, huko ndiko pa kwenda. Lakini ofisi yangu iko Vwawa, na atakayetazama mipangilio hiyo siku mimi sipatikani ni mama karani. Faili anaweza kulifungua, kulisoma, kuliona lote kwa pamoja. Na ndani ya faili naweza kumwandikia maelezo kwa Kiswahili, juu ya kila mstari, nikianza na alama ya reli (#), inayoiambia programu isiusome mstari huo. Kigezo cha mazingira hakina nafasi ya kumwambia mtu "usibadilishe hii bila kuuchomoa mzani kwanza".

Nywila usiiweke kwenye -D kwa hali yoyote. Amri ya ps inaonyesha mstari mzima uliowasha mchakato, na kwa kawaida kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo anauona. Faili langu ni mali ya root, msimamizi mkuu wa kompyuta, kundi ni tomcat, ruhusa ni 640: root anaandika, Tomcat inasoma, wengine hawaoni. Mama karani hufungua kwa akaunti ya usimamizi ambayo ofisi nzima inajua anayo yeye. Nakala ya nywila iko kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya mweka hazina, pamoja na hati za kiwanja. Mtu akifungua bahasha ile itajulikana.

Kuna kidonda kimoja kidogo kilichotusumbua wiki nzima nacho nakitaja kwa sababu ni cha lugha yetu. Chini ya stakabadhi kulikuwa na maneno "kahawa yetu inang'aa". Yule kijana aliyaandika kwenye simu, akayanakili kwenda kwenye faili, na stakabadhi zikaanza kutoka na alama za ajabu katikati ya "inang" na "aa". Simu ilikuwa imeweka kile kidoa kilichopinda (’) badala ya kilichonyooka ('). Java imezoea kuyasoma mafaili ya properties kwa usimbaji wa herufi uitwao ISO-8859-1, kidoa kilichopinda hakimo humo, na baiti zake tatu za UTF-8, usimbaji ambao faili liliandikwa nao, zikageuka kuwa herufi tatu za kigeni. Tuliweka kidoa kilichonyooka. Mwenye kuandika ng'ombe na ng'ambo kwenye mipangilio ajue hilo. Ajue pia kwamba nafasi tupu mwisho wa mstari huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani. Nywila sahihi yenye nafasi moja mwishoni ni nywila mbaya, na macho hayaioni.

Jambo la mwisho nililoongeza halihusu faili, ila lisingewezekana bila hilo faili. Programu ikiwaka, inaandika kwenye logi njia ya faili iliyosoma na jina la kanzidata iliyoingia. Nywila haiandiki. Na juu ya kila ukurasa kuna mkanda wenye jina la ofisi na jina la kanzidata. Ikiwa ni kanzidata ya mafunzo, mkanda mzima ni wa njano, na stakabadhi haichapwi.

Msimu uliofuata nilituma WAR moja kwa ofisi zote nne. Faili lilelile nililolijaribu nyumbani, baiti kwa baiti. Nilikaa karibu na simu siku nzima.

Simu iliita siku ya tatu, saa nne asubuhi. Alikuwa mama karani. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, waya wa mzani ulichomolewa na kuchomekwa tena, na kompyuta ikaupa mlango mwingine: ulikuwa /dev/ttyUSB0, sasa ni /dev/ttyUSB1. Nikaanza kutafuta koti. Akanikatiza.

"Hapana, usije. Nimefungua lile faili, nimesoma ulichoandika pale juu ya mstari wa mzani. Sifuri nimeifanya moja, tumeiwasha upya. Inapima."

Nikamwuliza kama mstari wa zamani ameufuta.

"Sijaufuta. Nimeuwekea reli mbele, nikaandika tarehe na jina langu. Ngoja nikuache, kuna watu kwenye foleni."